Kadi Tisa Chini ya Gunia la Chumvi

12 Novemba 1978
Novatus ameondoka leo na mgambo wenzake kumi na wanne. Waliimba mpaka kwenye kona ya barabara ya Mabawe, kisha sikusikia tena. Daftari hili aliniachia yeye, nimwandikie mambo ya nyumbani ili akirudi asijione mgeni. "Andika hata mvua," alisema. Basi mvua imenyesha tangu saa nane. Deodata amenyonya vizuri. Mama mkwe, Mama Domisiana, hajala.

14 Novemba
Mwenyekiti wetu, Mzee Pancras, amekuja kuniambia nishike duka la kijiji. Muuzaji wa zamani, Gaspari, naye amekwenda vitani, na katika wanawake waliobaki ni mimi niliyemaliza darasa la saba. Nilimwambia mtoto wangu ana miezi mitano tu. Akasema mtoto hazuii mtu kupima chumvi. Mama mkwe alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alisema sasa ana mkamwana wa ofisini.

17 Novemba
Mvua. Nimeuza sabuni mche mmoja, vipande vipande.

22 Novemba
Leo taa zimefika. Lori la ushirika limechukuliwa na jeshi, kwa hiyo zimebebwa kwa baiskeli tatu kutoka Ngara mjini, zimefungwa kwa majani ya mgomba zisivunjike vioo. Taa za chemli tisa! Ni miaka miwili hatujaona taa dukani, watu wanatumia koroboi. Nane ni kubwa, za kijani, utambi wake ni mpana kama vidole viwili. Moja ni ndogo, ya utambi mwembamba, na rangi yake imechubuka.

Bwana ushirika, Desderius, alikuja nazo mwenyewe. Kila taa ina kadi iliyofungwa kwa uzi kwenye mpini wake. Kwenye kubwa imeandikwa: TAA HII HUTUMIA CHUPA MOJA YA MAFUTA KWA USIKU TATU. Kwenye ndogo: CHUPA MOJA KWA USIKU NANE. Alinieleza taratibu kama mwalimu. Mafuta ya taa sasa ni chupa moja kwa kila kaya kwa juma, kwa sababu ya vita, kwa hiyo mnunuzi lazima ajue taa inakunywa kiasi gani kabla hajaichukua. Kadi ikae mbele, imtazame mnunuzi. Isifunikwe, isigeuzwe, isifunguliwe mpaka taa ifike nyumbani kwa mwenyewe. Na asiyejua kusoma nimsomee.

Nikamwambia ndiyo, bwana. Na nilikuwa na nia kweli.

24 Novemba
Nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu Novatus alisema niandike kila kitu.

Deodata alizaliwa kabla ya siku zake. Sista kule hospitali ya Rulenge aliniambia pumzi yake husahau njia anapolala, nimwangalie, na nisiwashe koroboi chumbani kwake kwa ajili ya moshi. Tangu hapo ninalala na kuamka gizani nikimpapasa. Mama yeyote aliyepitia hilo atanielewa. Nilipoisoma ile kadi ya usiku nane, nilijua taa ile ni ya mtoto wangu.

Lakini kadi zikikaa mbele, nani atachukua kubwa? Wote wataitaka ile moja, Mzee Pancras atasema tupige kura, na mimi sina bahati ya kura. Basi asubuhi kabla ya kufungua nimezifungua nyuzi zote tisa. Taa ndogo nimeiweka ndani ya kreti ya soda tupu, nimeifunika gunia. Kadi nimezitia chini ya gunia la chumvi. Nilitaka kuzichoma. Mkono ulikataa, zina mhuri.

Kufika saa tano nilikuwa nimeuza taa sita. Watu wanapenda ukubwa wake. Hakuna aliyeuliza.

25 Novemba
Mmoja ameuliza.

Ni Eustakia, jirani yangu, ambaye namwita Mama Leonidas. Mume wake ameondoka siku moja na Novatus. Yeye ndiye aliyeshika mbele ya machela siku ile ninapelekwa Rulenge kujifungua, na alitembea njia yote bila kubadilishwa. Aliinyanyua taa ya kijani, akaigeuza, akaniuliza kwa sauti ya chini, maana hakusoma na hapendi watu wajue:

"Mama Deodata, hii inakunywaje?"

Nikamwambia, "Taa ni taa tu, dada. Zote sawa."

Akanishukuru.

26 Novemba
Nimekwenda misa. Sikupanga mstari wa komunyo. Mama mkwe akauliza, nikasema tumbo.

30 Novemba
Taa ndogo ni nzuri sana. Inawaka mpaka alfajiri nikiipunguza. Nimemwona mwanangu amelala, tumbo linapanda, linashuka. Kama ningekuwa nimeipata kwa haki ningesema ndiyo furaha kubwa niliyopata tangu aondoke Novatus.

4 Desemba
Mvua na mawe. Maharage ya bondeni yamelala.

5 Desemba
Nyumba zenye taa mpya zimeanza kulalamika. Chupa ya juma inaisha siku ya tatu. Mzee mmoja alisema kwa mzaha hapa dukani kwamba hata mafuta yamejiandikisha jeshini. Watu wakacheka. Nami nikacheka, na nilisikia kicheko changu kimetoka mwisho, peke yake.

Mama mkwe anawaambia majirani kwamba taa yetu ina adabu, hainywi ovyo. Nimemwomba asiseme. Akaniuliza kwa nini mtu afiche sifa.

9 Desemba
Sikukuu ya Uhuru. Hotuba zilikuwa fupi kwa sababu ya mvua.

13 Desemba
Eustakia amekuja kwangu kuchambua maharage, na ameniambia jambo. Anasema anaibiwa mafuta. Chupa yake inakaa jikoni, na jikoni analala Ndikuriyo.

Ndikuriyo ni yule mtu wa Burundi aliyekuja wakati wa yale mauaji, mwaka wa sabini na mbili. Alifika na jembe lisilo na mpini. Analima kwa Eustakia tangu mume wake angali hapa, analishwa, na amepewa kona ya jiko alale. Mtu mkimya. Deodata humcheka kila akimwona kwa sababu ya kofia yake.

Nikasema, "Labda taa inakunywa sana."

"Wewe si uliniambia zote sawa?" akasema. "Yako mbona hainywi?"

Nikasema sisi tunalala mapema.

16 Desemba
Eustakia amechora mstari wa mkaa kwenye chupa yake, mahali mafuta yalipofika. Anawasha taa jioni, anapika, anamtengenezea Leonidas uji, anazima. Asubuhi anatazama mstari, mafuta yako chini. Bila shaka yako chini, ameyamimina mwenyewe kwenye taa. Lakini anajua alichomimina kwenye koroboi miaka yote, na anahesabu kwa koroboi.

Nilitakiwa kumwambia leo. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Alikuwa amenikaangia karanga.

19 Desemba
Nimeona dawa, nami nimeifanya. Wote wakiwa shambani nimeingia jikoni kwa Eustakia, nikamimina nusu ya chupa yangu ndani ya chupa yake. Nimerudi nyumbani moyo mwepesi kidogo. Nitafanya hivyo kila juma mpaka vita viishe, nikasema. Deodata na mimi tutapapasana tena gizani nusu ya juma, ndiyo adhabu yangu.

20 Desemba
Ee Mungu wangu.

Eustakia amekuja dukani mbio, chupa mkononi, mbele ya watu. Mafuta yamepita mstari wa mkaa, yako juu yake kwa vidole vinne. "Mnaona?" anasema. "Jana nilimwambia Ndikuriyo nitamwita mwenyekiti. Ameogopa, ameyarudisha. Nani anarudisha kitu ambacho hakuiba?"

Watu wote waliona ni kweli. Hata mimi, kama nisingekuwa mimi, ningeona ni kweli.

Mzee Pancras ameitwa. Amemuuliza Ndikuriyo kwa upole. Ndikuriyo amesema hajui mafuta yalikotoka, wala yalikokwenda. Mtu mmoja nyuma akasema wakati huu wa vita mgeni anayetembea na mafuta usiku anaweza kuwa anampelekea ishara adui. Ujinga mtupu, adui yuko kaskazini kabisa, sisi tuko huku. Lakini baada ya neno hilo nyuso zilibadilika. Baraza litakaa baada ya sikukuu, na akionekana na hatia atapelekwa wilayani akabidhiwe polisi. Hana karatasi yoyote. Mtu kama huyo akipelekwa, hakuna anayejua anarudi lini.

21 Desemba
Sikufungua duka. Nimesema mtoto anaumwa. Basi Deodata akashikwa na kikohozi jioni ile ile.

25 Desemba
Noeli. Kuku hakuna. Mama mkwe ameimba nyimbo zote, amemwimbia na Novatus sehemu yake.

28 Desemba
Nimenyanyua gunia la chumvi kuangalia kadi. Chumvi imetoa maji kwa ajili ya mvua hizi, kadi zimelowa na kushikana. Nimezitenganisha moja moja kwa kisu. Wino umefifia lakini maneno yanasomeka. Nilipoziona zimelowa kuna kitu ndani yangu kilifurahi, kwamba labda zimeoza na hakuna ushahidi tena. Nakiandika ili nikione. Ndivyo nilivyo.

Nimezianika ndani, juu ya kamba ya nepi.

2 Januari 1979
Nilimkuta Ndikuriyo bondeni anapalilia maharage ya Eustakia. Bado anamlimia, mtu anayemshitaki! Haruhusiwi kulala jikoni tena, analala kwenye kibanda cha mbuzi cha mtu. Nilimwuliza kwa nini hakimbii. Alisema alishakimbia mara moja, na miguu haikuwahi kupona. Kisha akasema, "Mama, mimi mafuta ningefanyia nini? Sina hata taa."

Hakuna mwingine katika kijiji kizima aliyewaza hilo. Nikamwambia baraza litasikia ukweli. Akanitazama. Nafikiri wakati ule alijua, ila hakuuliza.

4 Januari
Nimemwambia mama mkwe. Nimemwambia yote, tukiwa tunamenya ndizi. Aliendelea kumenya mpaka rundo likaisha. Nilingoja anitukane. Mwishowe alisema, "Na mimi nimekuwa nikiisifu njiani." Basi.

6 Januari
Baraza lilikaa mbele ya ofisi ya kijiji. Nilikwenda na kreti. Mama mkwe alimbeba Deodata mgongoni, akaja akaketi mbele kabisa, ingawa sikumwomba.

Eustakia alitoa maneno yake vizuri, bila chuki. Mstari wa mkaa, mafuta kupanda. Ndikuriyo aliulizwa, akajibu yale yale. Mzee Pancras akauliza kama kuna mwenye neno. Nilisimama.

Nikasema, "Mafuta hayakuibwa. Taa ndiyo inayoyanywa, na mimi nilijua."

Nikazitoa kadi, nikazipanga juu ya meza, nane huku na moja huku. Nikasoma moja ya kubwa, nikasoma ile ndogo. Nikatoa na taa yangu. Nikaeleza ya gunia la chumvi, na kwamba aliyemimina mafuta kwenye chupa ni mimi, siyo mwizi aliyeogopa.

Eustakia alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha. Hakuinuka.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, dada. Uliniuliza."

"Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Ndiyo."

Basi hapo nilidhani yamekwisha, kumbe bado. Yule mtu wa neno la adui akasema mbona mke wa askari anajitupa motoni kwa ajili ya mkimbizi, kuna nini kati yao? Wengine wakaguna, wengine wakacheka kile kicheko cha umbeya. Mama mkwe akageuka, akamwambia, "Mwanangu yuko vitani na wewe uko hapa. Nani kati yenu alipaswa kuongea?" Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Mzee Pancras akasema kadi ni karatasi tu, yeye anataka kuona kwa macho. Taa mbili zitawashwa Jumatatu, mafuta sawa, mchana, mbele ya kila mtu.

8 Januari
Taa ya Eustakia na yangu ziliwekwa barazani kwa ofisi saa mbili asubuhi. Mzee Pancras alipima mwenyewe, kikombe kimoja cha chai huku na kimoja huku, tambi zikapandishwa sawa. Zikawashwa. Watu walilalama kuona mafuta yanaungua na jua liko nje. Bibi mmoja alileta mahindi ya kupukuchua, akasema walau mwanga usipotee bure.

Ndikuriyo aliketi kwenye ngazi, jembe kati ya magoti, akizitazama. Nafikiri hakuna mtu aliyewahi kutazama taa namna ile. Eustakia aliketi upande mwingine. Mimi nilisimama, hakuna aliyenipa nafasi.

Saa nne watu walipiga soga. Saa sita mvua ilikuja, tukajibana barazani wote, moshi wa taa na harufu ya nguo mbichi. Saa saba na dakika chache taa ya kijani ilianza kuruka ruka, ikawa ya njano, ikawa nyekundu, ikazima. Mzee Pancras akaitikisa sikioni kwake. Tupu. Akamwita na yule mtu wa neno la adui aje aitikise.

Ndogo ilikuwa inawaka bila wasiwasi. Walingoja. Saa kumi na mbili, ng'ombe wamesharudi, bado inawaka.

Ndikuriyo aliondoka saa saba ile ile ilipozima ya kijani. Alishuka bondeni kumalizia mistari yake.

9 Januari
Hukumu yangu: nitembelee nyumba zote nane zilizonunua, niwapelekee kadi zao, niwasomee kwa sauti, na niseme kwa nini hazikuwa kwenye taa. Desderius naye amepelekewa barua, atakuja kuamua kama nibaki dukani. Taa ndogo imechukuliwa, itakaa zahanati kwa wagonjwa wanaokeshewa. Ni sawa. Sasa mimi na mama mkwe tunalala kwa zamu, mkono juu ya kifua cha Deodata. Mama mkwe anasema ndivyo alivyomlea Novatus.

10 Januari
Nyumba tano. Moja walinikaribisha kiti. Moja walinifungulia mlango nusu. Kwenye moja mume na mke walikuwa hawasemezani tangu Desemba, kila mmoja akimdhani mwenzake anauza mafuta kwa siri. Nilisoma kadi, wakatazamana, kisha wote wawili wakanitazama mimi.

11 Januari
Nyumba mbili za asubuhi. Ya mwisho Eustakia.

Nilisoma. Akasema soma tena. Nikasoma. Akaniomba kadi, akapitisha kidole chini ya maneno, akauliza "tatu" ni lipi, nikamwonyesha. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema nimfundishe yote, siyo kwa ajili yangu, bali asiulize mtu tena. Nikasema nitakuja kila siku. Akasema siyo leo.

Amemwomba Ndikuriyo msamaha. Amemwomba arudi jikoni, tena amempa chumba cha ndani. Ndikuriyo amekataa.

13 Januari
Ndikuriyo ameondoka. Anakwenda Kaniha, upande wa Biharamulo, ambako kuna watu wa kwao wanaolima. Alipita dukani saa tatu, kifurushi begani. Nilifikiri anataka chumvi.

"Niandikie karatasi," akasema.

"Ya nini?"

"Jina langu limetangulia. Watu wanaokwenda mnadani wameshalipeleka huko. Nikifika huko nikiulizwa, mdomo wangu mimi hautatosha."

Nilichana ukurasa wa daftari hili, katikati, kwa uangalifu. Akaniambia niandike kwa herufi kubwa kama zile kadi, mtu asome bila kuinama. Niliandika: NDIKURIYO HAKUIBA MAFUTA. ALIYEFICHA KADI ZA TAA NI MIMI ESPERANSIA, MUUZAJI WA DUKA LA KIJIJI. Nikaweka tarehe. Tulikwenda kwa Mzee Pancras kuomba mhuri. Alisita, alisema itaaibisha kijiji. Ndikuriyo alisimama tu pale mlangoni na kofia yake mpaka mzee akafungua droo.

Aliniuliza kama wino utastahimili mvua. Nikaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, nikaukunja mara mbili. Aliitia kifuani, siyo kwenye kifurushi.

Ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kuna vizuizi vya mgambo njiani kwa ajili ya vita, watamsimamisha, na kila mahali ataitoa. Jina langu litasomwa na watu ambao sitawaona kamwe. Novatus akirudi kwa njia ile, atalisikia kabla hajafika nyumbani.

Mvua imeanza tena. Naomba kila atakayemsimamisha awe anajua kusoma.